Kifuniko Kilichogoma: Somo la Hewa, Joto na Msuguano

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha niliketi nyuma ya darasa la tano katika shule moja ya msingi, nikimtazama mwanachuo wetu akifundisha mgandamizo wa hewa. Andalio la somo lilikuwa safi na zana zilikuwa tayari. Miongoni mwa zana hizo ilikuwamo chupa ya jemu ya kioo, yenye kifuniko cha bati, ambayo haijapata kufunguliwa. Mwanachuo alikusudia kuifungua mbele ya wanafunzi ili wasikie sauti ya hewa inayoingia. Kifuniko kikagoma. Akajaribu mara tatu, jasho likamtoka. Akamwita mvulana mwenye nguvu kuliko wote, naye akashindwa, na darasa likacheka.

Msichana mmoja akanyosha mkono. "Mwalimu, mama hukimwagia maji ya moto." Basi yakaletwa maji ya moto kutoka jiko la uji, yakamwagwa polepole juu ya kifuniko, kikashikwa kwa kitambaa, kikafunguka kwa sauti iliyosikika hadi nilipoketi. Mwanachuo akafurahi. "Mmeona? Joto limekitanua kifuniko, ndiyo maana kimefunguka."

Msichana yule akasimama tena. "Mwalimu, maji yalishuka mpaka kwenye shingo ya chupa. Mbona kioo nacho hakikutanuka kikakaza?"

Mwanachuo akatazama saa. "Kaa chini, tunaendelea."

Baada ya kipindi nilimweleza kwamba lile lilikuwa swali bora la asubuhi nzima, na kwamba alikuwa amelizima. Alikubali, kisha akaniuliza jibu lake. Nikamjibu kama vitabu vingi vinavyojibu: bati hutanuka zaidi kuliko kioo. Akaniuliza, "Zaidi kwa kiasi gani, Mwalimu?" Sikuwa na kiasi. Jioni ile niliketi na kalamu nikapiga hesabu, na hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Hesabu ya kutanuka

Chukua kifuniko cha chuma chenye kipenyo cha sentimita 7, yaani milimita 70. Chuma hutanuka kwa sehemu 12 hivi katika kila sehemu milioni kwa kila nyuzi moja ya Sentigredi. Kioo cha chupa za kawaida hutanuka kwa sehemu 9 hivi. Tuseme vyote viwili vimepashwa joto kwa nyuzi 40. Kipenyo cha kifuniko kitaongezeka kwa milimita 0.034, na kipenyo cha mdomo wa chupa kwa milimita 0.025. Tofauti yake haifiki milimita 0.01. Karatasi moja ya daftari ina unene wa kama milimita 0.1, kwa hiyo nafasi iliyopatikana kati ya bati na kioo ni chini ya sehemu ya kumi ya unene wa karatasi.

Yafaa tukitendee haki kitabu. Bati la kifuniko ni jembamba, na chuma hupitisha joto upesi mara nyingi kuliko kioo, ambacho tena ni kinene. Maji ya moto yanapomwagwa, kifuniko hupata joto kwanza na kioo hufuata kwa kuchelewa. Katika sekunde hizo za mwanzo kifuniko huweza kutanuka peke yake, na nafasi ikafika theluthi moja ya unene wa karatasi. Msaada huo upo, lakini ni mdogo mno kueleza jinsi mkono wa mama unavyoweza kufungua kile ambacho mvulana mwenye nguvu alishindwa. Msichana alikuwa na haki ya kuuliza. Aliyekuwa amekosea ni mwanachuo wetu, na baada yake mimi.

Basi maji ya moto hufanya kazi gani? Ili kujibu hatuna budi kwanza kujua ni kitu gani kilichokishika kifuniko.

Mzigo tusiouona

Hewa ina uzito, nasi tunaishi chini ya hewa nyingi. Katika usawa wa bahari, kwa mfano Dar es Salaam au Tanga, hewa hugandamiza kila sentimita moja ya mraba kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo moja hivi. Kifuniko cha kipenyo cha sentimita 7 kina eneo la sentimita za mraba 38.5. Kwa hiyo hewa ya nje inakisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 40. Chupa iliyo wazi, au iliyofungwa ikiwa na hewa ya kawaida ndani, haituonyeshi mzigo huo kwa sababu hewa ya ndani husukuma kwa nguvu ileile kutoka upande wa pili. Wanafunzi watauona mzigo huo pale tu mgandamizo wa ndani unapopungua.

Hapa lugha yetu ya kila siku hututia makosani. Wanafunzi watasema kwamba ndani ya chupa kuna kitu "kinachofyonza" kifuniko, na walimu wengi husema hivyohivyo. Pasipokuwa na hewa hakuna kinachovuta. Ombwe halina mikono. Kifuniko kinasukumwa na hewa ya nje, na upande wa ndani hakuna wa kutosha kuisukuma hewa hiyo nyuma. Mwalimu akisema "kufyonza" katika kipindi cha kwanza, atakuja kuvuna kosa hilo atakapofundisha mrija, bomba la kuvutia maji na bomba la sindano, kwa maana mambo hayo yote hutegemea msukumo wa hewa ya nje.

Katika miaka ya 1650, Otto von Guericke, meya wa mji wa Magdeburg huko Ujerumani, aliunganisha mabakuli mawili ya shaba, mdomo kwa mdomo, akatoa hewa iliyokuwa ndani kwa bomba alilolibuni mwenyewe. Farasi waliofungwa kila upande walivuta na kushindwa kuyaachanisha. Alipofungulia hewa iingie, mabakuli yaliachana bila taabu. Mabakuli yale hayakuwa na gundi wala hesi. Chupa ya jemu iliyogoma ni jamaa wa karibu wa mabakuli hayo, na ninawashauri wanachuo wasimulie kisa hiki baada ya wanafunzi kuhangaika na kifuniko, si kabla. Kikisimuliwa kabla huwa hadithi ya farasi tu.

Hewa iliyosinyaa au mvuke uliokwisha?

Jemu hutiwa katika chupa ikiwa moto, kifuniko kikafungwa, kisha chupa ikaachwa ipoe. Ukimwuliza mwanachuo sababu ya mgandamizo wa ndani kupungua, atakwambia kwamba hewa ya moto ilipopoa ilisinyaa. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni sehemu ndogo ya ukweli, na hapa pia tarakimu zinatusaidia.

Tuseme tumefunga hewa kavu yenye joto la nyuzi 85, ikapoa hadi nyuzi 25. Mgandamizo wake utapungua kwa sehemu moja ya sita hivi. Mzigo utakaobaki juu ya kifuniko chetu ni kilo 6 na nusu hivi. Mtoto wa darasa la tano atakifungua bila shida kubwa.

Sasa tuseme ndani ya chupa mna maji ya nyuzi 85. Juu ya maji hayo hakuna hewa peke yake. Kuna mvuke, na katika joto hilo mvuke huchukua zaidi ya nusu ya mgandamizo wote wa nafasi ile, baada ya kuifukuza hewa nyingi nje kabla hatujafunga. Chupa ikipoa, karibu mvuke wote hugeuka kuwa maji, na matone machache ya maji hayahitaji nafasi kubwa. Hewa kidogo iliyobaki ndiyo inayolazimika kupigana na hewa ya dunia nzima. Nikipiga hesabu ya usawa wa bahari napata kwamba mgandamizo wa ndani unabaki kama sehemu nne katika kumi, na mzigo juu ya kifuniko unafika kilo 24 hivi. Huo ni karibu nusu ya mfuko wa saruji, umewekwa juu ya kifuniko ambacho mtoto anatakiwa akizungushe kwa vidole.

Sisisitizi tarakimu hizi zifundishwe darasa la tano. Nasisitiza kwamba mwalimu azijue, kwa sababu zinamwelekeza katika kuchagua jaribio. Chukua chupa tatu za kioo zinazofanana, zenye vifuniko vizima. Ya kwanza itie maji baridi hadi nusu, uifunge. Ya pili iwe tupu na kavu. Isimamishe wazi ndani ya sufuria ya maji ya moto kwa dakika 10, kisha uifunge. Ya tatu itie maji ya moto hadi nusu, ngoja dakika moja ili mvuke uifukuze hewa, ndipo uifunge. Mtu mmoja azifunge zote kwa mkono uleule. Chupa mbili za moto ziachwe zipoe kwa muda wa saa mbili, au tangu asubuhi mpaka kipindi cha baada ya mapumziko. Kisha wanafunzi wabashiri, ndipo wafungue. Ya kwanza ni nyepesi, ya pili nzito kidogo, ya tatu ndiyo inayogoma. Sisi chuoni tulirudia jaribio hili kwa vifuniko vyenye kitufe katikati. Kitufe cha chupa ya tatu kilibonyea chenyewe kwa mlio mdogo wa "tak" chupa ilipokuwa ikipoa juu ya meza, na wanachuo waliokuwa wakiandika waliinua vichwa vyao wote kwa pamoja.

Naomba niingize neno kando. Kosa hilihili la kuusahau ubaridi limo katika jaribio maarufu la mshumaa uliofunikwa kwa glasi ndani ya sahani ya maji. Maji hupanda, na wanafunzi huambiwa kwamba yamechukua nafasi ya oksijeni iliyoteketea, nayo ni sehemu moja ya tano. Oksijeni haitoweki hivi hivi. Mshumaa unapoungua hutoa kabonidayoksaidi na mvuke. Maji hupanda zaidi pale moto unapozimika na hewa inapopoa, na mwenye macho ataliona hilo kwa kutazama wakati maji yanapopanda. Ukiwasha mishumaa mitatu badala ya mmoja, maji hupanda juu zaidi, ilhali oksijeni ndani ya glasi ni ileile.

Turudi kwenye maji ya moto

Sasa twaweza kumjibu msichana. Maji ya moto yanapomwagwa juu ya kifuniko cha chupa iliyosimama, hupasha joto ile nafasi iliyo chini ya kifuniko. Hewa ya ndani huongezeka mgandamizo, na maji yaliyokuwa mvuke zamani huanza kuwa mvuke tena. Nafasi hiyo ikifika nyuzi 60, mzigo wa kilo 24 hushuka hadi kilo 16 hivi. Zaidi ya hayo, upande wa ndani wa kifuniko una utepe laini mfano wa mpira ambao umeng'ang'ania mdomo wa kioo, joto huulainisha. Na kama ni jemu au asali, mara nyingi sukari imekauka katikati ya hesi kama gundi, nayo huyeyuka katika maji. Kutanuka kwa bati kunachangia, lakini hakufanyi kazi hiyo peke yake.

Tutajuaje kwamba hayo si maneno tu? Kuna jaribio ambalo wanafunzi wanaweza kulifanya, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Ziba chupa mbili kwa njia ya maji ya moto, ziache zipoe kabisa. Moja imwagie maji ya moto juu ya kifuniko tu, ujaribu kuifungua mara moja. Ya pili itie katika sufuria ya maji ya vuguvugu yanayofika shingoni, uongeze maji ya moto kidogo kidogo mpaka chupa nzima, kioo na bati na maji ya ndani, iwe na joto moja. Kama kutanuka kwa bati pekee ndiko kunakofungua, chupa ya pili haitafunguka kwa urahisi, maana kioo nacho kimetanuka. Nayo hufunguka. Ikikaribia joto ililokuwa nalo ilipofungwa, huwa kana kwamba haikupata kuzibwa.

Jaribio lingine ni la kijiko. Chupa iliyogoma isitiwe joto lolote. Ingiza ncha ya mpini wa kijiko chini ya ukingo wa kifuniko, uinue kidogo kama wenzo, kwanza mahali pamoja, kisha mahali pengine. Ukisikia "tss", acha. Kifuniko sasa kitazunguka kwa vidole viwili, na wala hakikutanuka hata chembe. Wanafunzi wakiyaona majaribio haya mawili siku moja, swali la nani aliyesema kweli hujibiwa na chupa yenyewe, na mwalimu hubaki mwandishi wa ubaoni.

Mkono, mpira na hesi

Hata hivyo hewa haifungi chupa kwa namna inayoonekana moja kwa moja. Inakandamiza kifuniko chini, ilhali sisi tunakizungusha kwa ubavu. Kiungo cha mambo hayo mawili ni msuguano. Mwanafunzi auvute mtalimbo au ubao juu ya meza kwa kamba, kisha uongezwe matofali mawili juu yake, auvute tena. Uso wa meza ni uleule, lakini mzigo umeongezeka na kuvuta kumekuwa kugumu. Ndivyo ilivyo kati ya utepe wa kifuniko na mdomo wa kioo.

Kuna msuguano wa pili, nao ni rafiki yetu: ule uliopo kati ya mkono na kifuniko. Mkono wenye jasho au mafuta huteleza kabla kifuniko hakijasogea. Ndiyo maana kitambaa kikavu husaidia, na ukanda wa mpira uliokatwa katika tyubu kuukuu ya baiskeli husaidia zaidi. Mwalimu aufunge ukanda huo kuzunguka kifuniko, kisha awaite wanafunzi wadogo wa darasa. Mwanachuo wetu alimwita mvulana mwenye nguvu, na darasa likajifunza kwamba kufungua chupa ni kazi ya misuli. Kifuniko kikubwa humpa taabu mtoto mwenye kiganja kidogo kwa sababu vidole vyake havikizunguki vya kutosha. Mpe mpira, nawe utamwona akifungua kilichomshinda mkubwa.

Hesi ifundishwe kwa karatasi. Kata karatasi iwe pembetatu yenye pembe mraba, upake rangi upande wa mteremko, uizungushe juu ya penseli kuanzia upande mrefu uliosimama. Ile rangi itapanda kuzunguka penseli kama njia ya mlimani. Hiyo ndiyo hesi: mteremko uliozungushwa. Kila mzunguko mrefu wa mkono hukishusha kifuniko kidogo tu, kwa hiyo nguvu ndogo ya vidole hugeuka kuwa mkandamizo mkubwa juu ya mdomo wa chupa. Wanafunzi wachunguze pia kwamba vifuniko vingi vya jemu havina hesi kamili. Vina meno manne au zaidi yanayoshika migongo mifupi ya kioo, na hukaza kwa sehemu tu ya mzunguko mmoja. Waulize kwa nini kiwanda kilitaka hivyo. Nimepata majibu mazuri, likiwamo la mtoto aliyesema kwamba mama mwenye mtoto mgongoni hana muda wa kuzungusha.

Chupa za hesi zenyewe si za kale sana. Mmarekani John Landis Mason alipata hataza ya chupa ya kioo yenye hesi shingoni mwaka 1858. Kabla yake watu walitumia vizibo vya magome na nta. Mfaransa Nicolas Appert, aliyekuwa mpishi na mtengeneza peremende, alihifadhi vyakula namna hiyo: aliviweka katika chupa, akaziba, akazichemsha ndani ya maji. Serikali ya Ufaransa ilimpa zawadi ya faranga 12,000, na mwaka 1810 akachapisha kitabu cha njia yake. Aliifanya kazi hiyo ipasavyo bila kujua sababu yake, kwa kuwa ilikuwa baada ya miaka 50 hivi ndipo Louis Pasteur alipobainisha kazi ya vijidudu katika kuoza kwa vyakula. Wanachuo wanaodhani kwamba sayansi huanza daima na kanuni na kuishia na matumizi watafakari kisa hicho.

Kifuniko kinapojitokeza

Sehemu hii isirukwe hata kama muda umekwisha. Kitufe cha kifuniko kilichobonyea kinatuambia jambo moja, kwamba hewa haijaingia. Kitufe kilichoinuka katika chupa ya dukani isiyofunguliwa kinatuambia kwamba hewa imeingia, au kwamba ndani vijidudu vinatoa gesi. Chakula hicho kitupwe, wala kisionjwe.

Lakini kitufe kilichobonyea hakithibitishi kwamba chakula ni salama. Ipo bakteria, Clostridium botulinum, ambayo hupenda mahali pasipo hewa, na sumu yake yaweza kuua kwa kiasi kidogo mno, pengine pasipo harufu wala ladha ya kutilia shaka. Mbegu zake hustahimili maji yanayochemka. Kuziua kunahitaji joto la nyuzi 121 hivi, linalopatikana katika chombo cha kupikia kwa mgandamizo. Haistawi katika vyakula vyenye asidi ya kutosha, ndiyo maana jemu ya matunda na achari ya siki vimehifadhiwa majumbani kwa miaka mingi. Maharage, nyama, samaki na mboga za majani havina asidi hiyo. Katika mazoezi ya kufundisha pasiwe na mwanachuo atakayewaonyesha wanafunzi namna ya kuhifadhi maharage katika chupa. Mtoto hurudi nyumbani akajaribu. Tutumie maji matupu katika majaribio yetu, na maji hayo yamwagwe baadaye.

Yapo na mengine ya kuangalia. Usimimine maji yanayochemka katika chupa ya kioo iliyo baridi. Upande wa ndani hutanuka kabla ya upande wa nje, na chupa hupasuka. Isuuze kwanza kwa maji ya vuguvugu. Usiweke kamwe chombo kilichofungwa juu ya moto. Chupa za kioo na maji ya moto vishikwe na mwalimu. Makundi ya wanafunzi yapewe chupa za plastiki za maji ya kunywa, zitiwe maji ya moto kiasi ambacho mkono waweza kukistahimili kwa nje, zitikiswe, zimwagwe, zifungwe haraka. Baada ya dakika chache zitajikunja. Katika darasa la wanafunzi 70, makundi manane yakiwa na chupa moja moja ya plastiki yatapata cha kutazama bila kugombania meza ya mwalimu.

Walimu walio katika nyanda za juu wafanye majaribio haya wakikumbuka mahali walipo. Iringa mjini, kwenye mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa asilimia 17 hivi kuliko Dar es Salaam, na maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 95 au yanapofika hapo. Chupa iliyozibwa Dar es Salaam hulegea kidogo ikipandishwa Iringa, na iliyozibwa Iringa hukaza zaidi ikishushwa pwani. Mwanafunzi ambaye shangazi yake husafiri kwa basi kati ya miji hiyo ana jaribio lake tayari, akimwomba ampelekee chupa tupu ya plastiki iliyofungwa vizuri huko juu.

Mwanachuo wetu alirudi darasani juma lililofuata. Alianza kwa kuliandika ubaoni swali la msichana, herufi kubwa, na kusema kwamba siku ile hakulijua jibu. Kisha akaweka mezani chupa mbili zilizozibwa na sufuria ya maji ya vuguvugu. Wanafunzi walibashiri kwa kura. Wengi walisema chupa iliyotiwa yote majini haitafunguka. Ilipofunguka, kundi moja lilipinga kwamba kifuniko chake huenda hakikufungwa sawasawa tangu mwanzo, likadai jaribio lirudiwe na wao ndio wafunge. Kipindi kikaisha pale. Aliniuliza kama angepaswa kuwazuia ili amalize andalio lake. Nilimwambia achemshe maji mengine, na siku iliyofuata nikamkuta amezileta chupa sita.